Hati ya Babu na Jina la Ndia Kuu

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tuandike insha kuhusu mwendo wa asubuhi kutoka nyumbani hadi shuleni, nami nikaandika kwamba nikishatoka mlangoni hushika ndia, nikapita Ngomeni, nikavuka ndia nyingine, na kuendelea hivyo hivyo mpaka shuleni. Insha ilirudi ikiwa na duara la wino mwekundu kuzunguka kila "ndia", na zilikuwa saba. Juu ya kila duara mwalimu alikuwa ameandika "njia", mara saba vilevile, kana kwamba mara moja isingetosha. Nikajitetea kwamba nyumba yetu iko Ndia Kuu na kwamba jina hilo limeandikwa hata kwenye kibao cha mtaa. Akanijibu, bila ukali, kwamba jina ni jina, lakini neno hilo si Kiswahili sanifu. Nikanyamaza. Nyumbani nilimweleza nyanya yaliyonipata, naye akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniuliza kama mwalimu huyo alipokuja kwetu alipita juu ya mapaa.

Kwa asiyeifahamu Mombasa, Ndia Kuu ni mtaa wa Mji wa Kale unaoanzia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kuelekea kaskazini kati ya nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao, ukienda sambamba na mtaa wa Sir Mbarak Hinawy ulio upande wa bahari. Ni mtaa mwembamba. Gari moja likisimama kushusha magunia, la nyuma halina la kufanya ila kungoja, na dereva wake hutumia muda huo kumwita muuza kahawa. Maana ya jina lake haina fumbo: katika Kimvita, lahaja ya wenyeji wa kisiwa hiki, mahali ambapo Kiswahili sanifu kina nj mara nyingi huwa pana nd, hivyo njaa ni ndaa, njoo ni ndoo, na njia ni ndia. Ndia Kuu ni njia kuu, basi. Maelezo hayo yanatosha mstari mmoja, na kila mtoto aliyelelewa na nyanya wa Kimvita huyajua kabla hajaota meno ya pili. Mimi niliyajua nikiwa mtoto, nikayasahau nikiwa mtu mzima mwenye vitabu, na kuyarudia kulinigharimu karatasi 200 zilizochapishwa pamoja na aibu ambayo bado haijaisha.

Ami yangu, ambaye ndiye aliyebaki katika nyumba ya babu, alipofariki, warithi walikubaliana kwamba mimi, kwa kuwa nilikuwa karani mstaafu na nilionekana kuwa na muda, nipitie nyaraka zote zilizokuwa katika sanduku la njumu chini ya kitanda chake. Nilikuta risiti za kodi ya ardhi, tikiti ya meli ya safari ya Hija, barua za jamaa wa Maskati zisizokuwa na tarehe, na chini kabisa, ndani ya kitambaa cha bafta, hati ya nyumba. Iliandikwa kwa Kiarabu mbele ya kadhi, mwaka 1311 wa Hijria, unaoangukia kati ya 1893 na 1894, yaani kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao hapa mwaka 1895, na kabla ya sheria ya mwaka 1908 iliyowataka wenye ardhi wa pwani wapeleke madai yao kwa msajili wa hatimiliki. Hati hiyo haikuwa na ramani wala namba ya kiwanja. Ilieleza nyumba kwa mipaka yake minne, kibla (yaani kaskazini), matlai (mashariki), suheli (kusini) na magharibi, na katika kila upande mwandishi alitaja kilichopo ili shahidi aweze kwenda kukiona kwa macho yake. Kwa mtu anayetafuta majina, huo ni ushahidi bora kuliko ramani nyingi, kwa sababu unaonyesha majina ambayo majirani walikuwa wakiyatumia wenyewe, si yale ambayo serikali ilitaka yatumike.

Upande wa kibla palikuwa na nyumba ya mjane na upande wa matlai kichochoro. Katika pande mbili zilizobaki mwandishi alikuwa ameacha maneno ya Kiswahili katikati ya Kiarabu chake, kwa herufi zilezile za Kiarabu, akayatia irabu kwa uangalifu ili yasikosewe. Suheli palikuwa na kiwanja chenye mwembe. Kwa upande wa magharibi, ambako ndiko ulipo mlango wetu wa mbele, nilisoma polepole, kidole kikifuata wino uliokwisha kugeuka rangi ya kahawa: dali, ye, alifu, kafu, wau. Dia kuu.

Herufi hizo nilifundishwa chuoni nikiwa mdogo, kama watoto wote wa mtaa, lakini nilizijua kwa kusomea Kurani, ambamo kila herufi ina kazi yake na hakuna inayodondoshwa. Nikaliamini jicho langu. Nikafungua kamusi, na humo nikaona kwamba dia ni malipo wanayopewa jamaa wa mtu aliyeuawa, fidia ya damu. Kwa hiyo mtaa wetu, nikajiambia, haukuwa njia kuu hata kidogo. Ulikuwa Dia Kuu, malipo makubwa ya damu, na vizazi vya baadaye, visivyokijua tena kisa chake, ndivyo vilivyougeuza kuwa Ndia ili upate maana nyepesi. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Sina budi kusema kwamba Mombasa humzoesha mtu vibaya kwa majina yake yenye visa. Ukivuka kwenda upande wa Nyali unafika Kengeleni, na kengele yenyewe bado ipo, ya kijiji cha Freretown ambacho wamisionari wa Kianglikana walikianzisha mnamo 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Ukiuliza habari za Mwembe Tayari, utasimuliwa mwembe na wapagazi waliokusanyika chini yake kabla ya safari za bara. Mtu aliyekulia kati ya majina kama hayo huona kwamba amedhulumiwa, mtaa wake ukiitwa njia kuu tu, kama vile mtu kumwita mtoto wake Mtoto. Nilitaka kisa, na sasa nilikuwa na hati.

Kisa chenyewe hakikuwa mbali. Mwezi wa Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa, wakambatiza kwa jina la Dom Jerónimo na kumrudisha Mombasa atawale chini yao, aliingia Ngomeni akamuua kapteni wa Ngome, na katika siku zilizofuata Wareno waliokuwa mjini wakauawa pia. Kikosi kilichotumwa mwaka 1632 kuirejesha Ngome kilishindwa, lakini Yusuf hakungoja kingine. Alipanda chombo akaenda zake, na Wareno wakarudi. Sehemu ya mji iliyokuwa makazi ya Wareno, ambayo wenyeji walikuja kuiita Gavana, ndiyo hii iliyo karibu na Ngome, na mtaa wetu unapita humo humo. Nilikuwa na damu, nilikuwa na mahali na nilikuwa na neno. Nilichokosa ni mtu aliyelipa na mtu aliyepokea. Yusuf hakulipa chochote, na Wareno hawakuwa watu wa kudai dia kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Wao walitaka mji. Leo naliona tundu hilo ni pana kiasi cha kupitisha ngamia na mzigo wake, lakini wakati ule nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, bila hata kutazama chini.

Nilianza kukisimulia kisa changu barazani baada ya sala ya Alasiri. Wazee walitikisa vichwa, nami nikachukulia kutikisa vichwa kuwa ni kukubali, ingawa niliishi nao miaka yote nikijua kwamba hutikisa vichwa hivyo hivyo kwa habari za bei ya samaki. Shule moja ya jirani ilipoomba mtu wa kuwatembeza wanafunzi Mji wa Kale, niliandika ukurasa mmoja uitwao "Siri ya Dia Kuu", nikauchapisha nakala 200 kwa fedha zangu, na chini nikatia jina langu kamili.

Aliyenirekebisha ni bibi mmoja wa mtaani ambaye kwa miaka mingi alisomesha wasichana chuo nyumbani kwake, na ambaye alizoea kusoma tenzi kutoka katika vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vya wazee wake. Mjukuu wake alirudi na karatasi yangu kutoka shuleni. Akaniita. Nilikwenda na hati chini ya kwapa, nikidhani anatamani kuiona. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae, akanitilia kahawa, na hakusema neno lolote kuhusu ile karatasi mpaka kikombe cha pili.

"Hebu nisomee hapa," aliniambia kisha, akiweka ukucha juu ya mstari wa suheli.

"Mwembe," nikasoma.

"Pameandikwa mwembe?"

Nikatazama tena. Palikuwa na mimu, wau na be pamoja na irabu zake, na kwa kuwa irabu za Kiarabu hazina e, ukizisoma kama zilivyo unapata mwibi, yaani mwizi.

"Pameandikwa mwibi, Bi Mwalimu, lakini najua ni mwembe."

"Wajuaje?"

"Mwibi hawi mpaka wa nyumba."

"Na dia huwa?"

Sijapata kuulizwa swali fupi kuliko hilo likanifanya nitamani kuwa mahali pengine. Alinieleza kwa utulivu yale ambayo msomaji yeyote wa maandishi ya zamani ya Kiswahili huyajua: kwamba waandishi wetu, walipoandika mb, mara nyingi waliandika be peke yake, na walipoandika nd waliandika dali peke yake, kwa sababu herufi zile ziliundwa kwa lugha nyingine na msomaji alitarajiwa kuijua lugha yake mwenyewe kabla hajaanza kusoma. Akanionyesha pia kwamba dia ya Kiarabu ingeishia na te ya duara, na kwamba mtu aliyeweza kuandika hati nzima kwa Kiarabu bila kosa asingelikosea neno la sheria kama hilo, ilhali hapa neno limeishia na alifu, kama mtu anavyoandika neno la Kiswahili kwa kulisikiliza. Nilikuwa nimemsamehe mwandishi mimu ya mwembe papo hapo, bila hata kujua kwamba ninasamehe, lakini nikamnyima nuni ya ndia, kwa sababu mwembe haukuwa na kisa cha kunipa.

Ningetulia hapo ningekuwa nimepona, lakini mtu akinyang'anywa kisa hutafuta kingine. Wiki haikuisha nikarudi kwa Bi Mwalimu na wazo jipya, kwamba ndia ni ndia, sawa, ila kuu ni mkuu, na kwamba mkuu huyo ndiye gavana wa Kireno aliyeipa sehemu ile jina lake. Safari hii hakunitilia hata kahawa.

"Ingelikuwa ya mkuu, tungelisema ndia ya mkuu," alisema. "Kuu si mtu. Wewe siku ya Idi huiitaje?"

"Sikukuu."

"Ni siku ya gavana?"

Kisha, labda kwa kuniona nimeinama, akaongeza maneno ambayo nimeyaweka moyoni kuliko yote aliyonifundisha. "Hini ndia haina mwenyewe, mwanangu. Ingelikuwa na mwenyewe, ingelikwisha badilishwa jina."

Nilikwenda nyumbani nikiyafikiria, na nilipoyapeleka mtaa wa pili nikaona alivyokuwa amesema kweli. Mtaa ule ulio upande wa bahari uliitwa Vasco da Gama wakati wa Waingereza. Da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa Aprili 1498, hakuelewana na wenyeji, akaondoka siku chache baadaye kwenda Malindi alikopokewa vizuri zaidi, kwa hiyo kumpa mtaa hapa kulikuwa, kwa maoni yangu, ni sawa na kumpa mgeni chumba katika nyumba ambayo hakukubali kulala. Jina hilo likaondolewa, likawekwa la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani na mtafiti wa historia ya Mombasa. Salim Road, iliyotokana na jina la liwali mwingine, imekuwa Digo Road, na barabara ya Kilindini sasa inaitwa Moi Avenue. Majina ya watu huja na nyakati zao na huondoka nazo, lakini hapakuwa na mtu wa kumwondoa katika Ndia Kuu.

Wareno nao walikuwa na jina lao la mtaa wetu. Nililikuta katika historia za Mombasa ya wakati wao, na nililisoma mara tatu kwa sababu sikulitarajia: Raposeira, pango la mbweha. Mpaka siku hiyo nilikuwa bado nimeshikilia, kwa siri, tumaini kwamba Ndia Kuu ni tafsiri ya jina fulani la Kireno, na kwamba walau hapo ningepata uzi wa kuvuta. Pango la mbweha halihusiani kabisa na njia kuu. Kwa hiyo udongo uleule, wenye nyumba zinazotazamana vilevile, ulipata majina mawili ambayo hayakusikilizana: moja la watu waliokaa humo kwa muda na kuliandika katika taarifa zao, jingine la watu waliopita humo kwenda sokoni na msikitini na ambao hawakuona haja ya kuliandika. La kwanza nalijua kwa sababu ya vitabu. La pili nililijua kwa sababu ya nyanya.

Lililobaki ni swali ambalo nilipaswa kuanza nalo, nalo ni kuu kwa nani. Asubuhi moja, kabla maduka hayajafunguliwa, nilitoka na uzi wenye mafundo niliouazima kwa fundi mwashi, nikapima upana wa mtaa mahali kadhaa. Kijana mmoja wa mkokoteni alinishikia upande wa pili bila kuuliza ninafanya nini, jambo ambalo ni adabu kubwa kwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sitaandika vipimo, kwa sababu mafundo ya fundi yule hayakulingana. Inatosha kwamba mahali penye barabara za leo hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeuita upenyo ule njia kuu. Maana yake ni kwamba jina hili lilizaliwa wakati Mombasa yote ya watu na biashara ilikuwa hapa, kati ya Ngome na Bandari ya Kale, majahazi yalipokuwa yakiingia na kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, mizigo ikapandishwa mjini kwa mabega ya wachukuzi, na njia ya kupita watu wawili wenye mizigo kichwani bila kugusana ilikuwa kubwa kweli.

Kisha mji ukahama. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kwa sababu meli za moshi zilihitaji kina kirefu cha maji, kazi ya bandari ikaelekea Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Barabara pana ikakata kuelekea huko, benki na maduka makubwa yakaifuata, na ukuu ukafuata maduka. Hati ya babu, ya mwaka 1311, iliandikwa miaka miwili au mitatu tu kabla ya kuhama huko kuanza. Ndiyo maana karani wa kadhi hakuwa na haja ya kueleza kuu kwa nini. Mtu yeyote aliyesimama mlangoni petu siku ile alikuwa anaiona kwa macho. Neno ambalo mimi nililigeuza kuwa damu lilikuwa ni maelezo tu ya hali ya mji kwa siku ya kuandikwa kwake, sahihi kama yale ya mjane na ya mwembe.

Sauti ya jina nayo ilikuwa ushahidi, na huu ndio uliokuwa karibu nami kuliko wote tangu darasa la nne. Nilipokuwa nikisoma habari za usanifishaji wa Kiswahili niliona kwamba uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifikiwa katika mkutano wa mwaka 1928, na kwamba mkutano huo ulifanyika Mombasa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, vitabu vya shule vikaandikwa kwa Kiunguja, na ndia ikawa kosa. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ndicho ninachokiandika hapa. Lakini huwa nawaza wajumbe waliopitisha uamuzi ule, wakitembea jioni baada ya kikao mpaka Mji wa Kale kutafuta upepo, wakipita Ndia Kuu, wakisikia watu wakiitana "ndoo" kutoka roshani moja hadi nyingine.

Kwa hiyo jina hili linaonyesha Waswahili wa mji waliita njia yao kwa lahaja yao na kwamba jina limepita katika mikono ya serikali kadhaa bila yeyote kulinyoosha. Hata kibao cha mtaa kinasema Ndia Kuu Road, yaani njia imetajwa mara mbili, mara moja kwa Kimvita na mara moja kwa Kiingereza, huku Kiswahili sanifu kikiwa kimerukwa. Jambo la namna hiyo nililiona tena nilipokwenda Lamu kwa harusi ya mpwa wangu. Mtaa mkuu wa huko una jina rasmi la Harambee Avenue, lakini wenyeji wana lao, Usita wa Mui, kwa Kiamu, ambamo usita ni mtaa na mui ni mji. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekaa barazani kama jina hilo lina kisa. Akanitazama kwa huruma, akaniambia kwamba ni usita, na ni wa mui. Miaka michache kabla ya hapo jibu hilo lingenikera. Safari hii nilimshukuru, nikaketi naye.

Tangu wakati huo watu hunijia na majina ya vitongoji vyao, hasa vijana wa shule, na kila mmoja huja na vita, jini au binti wa mfalme. Siwakatazi. Huwauliza kwanza nyanya zao hulitamka vipi, na kama kuna karatasi yoyote ya zamani nyumbani, ya nyumba, ya shamba au ya talaka, ambamo jina hilo limetokea likiwa linafanya kazi ya kawaida tu. Wengi hukata tamaa hapo, na sioni ajabu, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoulizwa swali hilo nilikuwa nimekwisha lipa mchapishaji.

Zile karatasi nilizikusanya nilivyoweza. Nilikwenda shuleni, nikapita nyumba kwa nyumba, nikawaomba radhi wazazi ambao wengine hawakuwa wameisoma na ambao, baada ya kuombwa radhi, wakataka kuisoma kwanza. Nilirudishiwa 163. Bi Mwalimu hakuirudisha ya kwake. Alisema ameipenda karatasi ni ngumu, itafaa kufunikia mtungi.

Mwaka jana, siku moja kabla ya Magharibi, nilikuwa nimekaa kwenye baraza letu nilipomwona kijana wa kutembeza wageni akija na watu wanne kutoka Nairobi. Walisimama hatua chache kutoka nilipo, mbele ya mlango wa kuchonga wa jirani. Aliwaeleza habari za mwaka 1631 vizuri kuliko nilivyopata kuzieleza mimi, akimtaja Yusuf bin Hasan kwa majina yake yote mawili na kuonyesha kwa mkono uelekeo wa Ngome, na mwisho akashusha sauti akasema kwamba ndiyo maana wazee wa zamani wakauita mtaa huu Dia Kuu, malipo makubwa ya damu. Mmoja wa wageni alisema, "Ala!" Nikangoja mpaka walipoanza kupigana picha, nikamsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hapana dia yoyote, kwamba ni ndia, yaani njia, na kwamba kuu ni kuu kama ya sikukuu.

Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mzee wangu," akasema, "haya mambo yameandikwa." Akatoa pochi mfukoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa kwenye mikunjo lakini inayosomeka. Nikaweka kidole juu ya jina lililo chini, nikamwambia kwamba huyo ndiye mimi. Akalitazama jina, akanitazama mimi, kisha akaikunja tena taratibu. Nikamwomba aniuzie, kwa bei yoyote atakayoitaja.

"Siwezi, mzee," akasema. "Ninayo hii moja tu."